Wageni wa Siku ya Posho

Mwezi huu sitaandika mahubiri. Nataka kuwaelezea jambo nililojifunza nikiwa tayari muchungaji wa miaka mingi, na haya ilinikamata mbele ya kujifunza.

Katika kwaya yetu kulikuwa kijana mumoja mupiga ngoma. Alisoma mupaka darasa la tano la sekondari, halafu kwa mwisho wa mwaka 2021 akaacha masomo na kwenda kwenye mashimo kuchimba kobalti. Hakuwa wa kwanza. Lakini juu nilimupenda kama mutoto wangu, nilikasirika. Siku ya Mungu iliyofuata nikahubiri kwa nguvu. Nilisema ya kama kuacha shule na kuingia shimoni ni kukosa imani. Wazee walisema amina, wamama walipiga makofi, nami nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba nimefanya kazi yangu.

Mangaribi yule kijana akakuja kwangu. Hakupandisha sauti. Alisema: «Baba pasta, nimesikia. Unatukataza mashimo, ni muzuri. Lakini njia ingine iko wapi? Yaya yangu iko na diploma ya Leta, na anauzisha mukate mu njia. Minervali ya miye, nani atalipa? Unionyeshe kazi moja tu yenye naweza kutumika, na namna ya kufikia pale. Moja tu.»

Ndugu zangu, nilifungua kinywa na hakuna neno lililotoka. Kwenye shule ya Biblia walinifundisha kutayarisha mahubiri, kuzika wafu, kupatanisha bwana na bibi. Lakini ile yote mutoto huyu aliuliza, sikuijua. Topografe anafanya nini tangu asubuhi? Ili kuwa mufanyakazi wa laboratwari, mutu anasoma sehemu gani? Kwa nini bei ya kobalti inapanda na kuanguka? Nilimuombea, akaenda zake. Usiku sikulala. Nilimupa ombi pahali pa jibu, na tulijua sisi wote wawili.

Nikaenda kumuona muzee mumoja wa kanisa, aliyetumika zaidi ya miaka 30 kwenye mugodi. Akanisikiliza, kisha akacheka kidogo na kusema: «Pasta, weye unajua Musa kunipita. Nani alimuambia Musa ya kama anatumika vibaya?» Nikajibu: mukwe wake, Yetro. Akasema: «Na ule Yetro alikuwa muisraeli?» Hapana, alikuwa kuhani wa Midiani, mugeni aliyekuja kutembea. Alimuona Musa anahukumu watu peke yake tangu asubuhi mupaka mangaribi, akamuambia kwamba atachoka bure, heri achague watu wa kumusaidia. Na Musa, aliyeongea na Mungu mulimani, akasikia maneno ya mugeni na kuyafuata. Nilihubiri habari ile mara nyingi sana. Siku ile ndipo ilinihubiri mimi.

Basi tukaamua: kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi, nyuma ya mazoezi ya kwaya, tutaita mutu mumoja anayejua kazi yake, aongee na vijana. Tulianza mwaka 2022.

Mugeni wa kwanza alitushinda, na kosa lilikuwa langu. Nilitafuta mutu mukubwa, juu nilitaka watu waone kwamba kanisa letu linajulikana. Alikuja na kostime na kravati, akaongea kifaransa saa mbili nzima, akataja vyeo vyake vyote, akapanda motokari na kwenda. Niliuliza vijana: mumejifunza nini? Mumoja akasema: «Baba, viatu vyake vilikuwa vinangaa sana.» Ni ile tu walishika.

Kutoka pale tulifanya kanuni. Mugeni anaongea Kiswahili, na kama kuna neno gumu analieleza. Anajibu kwanza maulizo matatu: unafanya nini tangu asubuhi mupaka jioni? Ulifikia pale namna gani, na nani alilipa? Ulikosea wapi katika njia? Kisha tunaweka kitunga mbele, vijana wanaandika maulizo kwenye karatasi bila jina. Mutoto mwenye haya anaweza kuuliza hata kuhusu mushahara. Tena, mugeni hapewi bahasha, wala haleti zawadi. Anakula bukari pamoja nasi, ni mwisho. Na watu wa siasa hatuwaiti.

Mugeni wa pili alikuwa mama mwuguzi anayejua magonjwa ya watu wa migodi. Hakuleta karatasi. Alileta sahani ya vumbi la mawe na kitambaa. Alisema: vumbi munaloona kwa macho, pua inakamata sehemu kubwa. Linaloua ni lile ambalo halionekane, dogo sana, lenye silika ndani yake. Linaingia mupaka chini ya mapafu na halitoki tena. Mapafu yanafanya kovu. Mutu haumwi leo; anaweza kutumika miaka kumi na kujiona muzima, halafu anaanza kukosa pumzi. Ugonjwa ule, silikozi, hauna dawa ya kuuondoa. Dawa ni kuuzuia: kulowesha jiwe maji mbele ya kulipiga, na kuvaa kizuizi cha pua chenye kutengenezwa kwa kazi ile, kwani kitambaa tu hakizuie vumbi dogo. Na wanaume wasirudi nyumbani na nguo za vumbi na kuzikungutia ndani ya nyumba, mbele ya watoto.

Akaongeza jambo la motopompe. Vijana wanaishusha ndani ya shimo kutoa maji, na moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mutu anaona usingizi tu, anakaa chini, hasimame tena. Wenzake wanasema: amelogwa. Kisha mwingine anashuka kumutoa, naye anabaki mule mule. Nilitazama vijana wetu. Wawili waliinamisha kichwa. Walikuwa wameona jambo lile kwa macho yao.

Halafu akasema neno lililonipiga mimi. Silikozi inafungulia tibi mulango, ni kusema kifua kikuu. Mutu anayekohoa zaidi ya majuma mawili apimwe makohozi. Dawa ya tibi katika inchi yetu hailipwi, inakunywewa miezi sita bila kuacha, na mutu anapona.

Wasomaji wapenzi, niwaambie kweli. Wakati ule kulikuwa ndugu mumoja katika kanisa letu, muchimbaji wa zamani, aliyekohoa tangu miezi mitatu. Watu wa jamaa yake walisema ni shangazi yake anayemukula. Mimi sikusema ni uchawi, lakini nilimuwekea siku saba za kufunga. Mutu aliyekonda vile, nilimukataza chakula! Mama yule alipomaliza kuongea, sikungojea kesho. Nilienda kwa ndugu yule usiku, nikamuomba musamaha, na siku ya kwanza tukaenda naye kwenye lopitali. Ilikuwa tibi. Alikunywa dawa miezi sita. Pumzi yake haikurudi yote, kwani vumbi limebaki, lakini ni muzima, na shangazi yake anakuja kumutazama bila kuogopa mutu. Tuliendelea kumuombea pia. Maombi na dawa havikugombana. Aliyekuwa anavigombanisha ni mimi.

Kisha wengine wakafuata. Tulipata mama mumoja fundi wa umeme wa mashini kubwa. Mikono yake ilikuwa na alama za kazi. Wasichana walimutazama kama mutu aliyetoka mwezini. Aliwaambia: «Mutambo hauulize kama weye ni mwanaume ao mwanamuke. Unauliza tu kama unajua.» Alieleza kwamba kwa darasa lao alikuwa musichana peke yake, na kwamba kosa lake lilikuwa kuchukia hesabu mupaka darasa la tatu. Nyuma ya siku ile binti wa muzee mumoja wa kanisa akaomba kuingia sehemu ya umeme. Baba yake akakataa: musichana asome kushona ao kufundisha. Mimi nilijaribu kuongea naye, nikashindwa. Mama fundi mwenyewe akaenda kukaa na mama ya binti katika jikoni, wakakata sombe pamoja na kuzungumuza. Sijui waliambiana nini. Mwaka uliofuata binti aliingia sehemu ya umeme. Nilijifunza ya kama mara zingine mafundisho ya mugeni yanaanza wakati mukutano umekwisha.

Katika mwaka 2025, wakati kobalti ilikuwa imefungwa mupakani, tulimuita mwalimu mumoja anayejua mawe na kemia. Vijana walikuja wengi kupita siku zote, hata wasio wa kanisa letu, kwa sababu franka ilikuwa imepotea kwenye mashimo na kila mutu alikuwa na maelezo yake. Wamoja walisema ni wanunuzi wa depo ndio wanakula bei. Wengine walisema ni serkali. Wengine walisema ni laana.

Mwalimu akachukua chaki. Kwanza akaandika: mufuko wa kilo 50, asilimia 2. Akauliza: kobalti ndani ni kilo ngapi? Wachimbaji wa miaka mingi walinyamaza. Msichana wa darasa la kwanza la sekondari akajibu: kilo moja. Akaandika tena: kama mashini ya depo inasema asilimia 1? Nusu ya kilo. Akaeleza kwamba mashini ile ya mukono inaangalia sehemu ndogo tu ya jiwe, pale inapoelekezwa. Kwa kupima sawasawa lazima kusaga, kuchanganya, na kuchukua kidogo kutoka mufuko wote. Na maji ndani ya mawe yanaongeza kilo bila kuongeza kobalti. Vijana waliguna. Mumoja akasema: «Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunauzisha bila kujua tunauzisha nini!»

Kisha akatutoa hapa na kutupeleka ulaya. Katika mwaka 1980, kwenye chuo kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti pamoja na litiamu inaweza kutengeneza batri yenye nguvu. Mwaka 1991 kampuni Sony ya Japani ilianza kuuzisha batri za namna ile. Kutoka pale zikaingia katika telefoni, na nyuma yake katika motokari za umeme. Goodenough na wengine wawili, Whittingham na Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Na kobalti ya dunia nzima, zaidi ya nusu kwa mbali inatoka kwetu Kongo, inakadiriwa karibu asilimia 70. «Mawe yale munayabeba kwenye mugongo,» akasema, «yako ndani ya telefoni ya mutu asiyejua hata jina la muji wenu.»

Kijana mumoja akapiga kelele: «Basi sisi ni batajiri!» Mwalimu akatikisa kichwa. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dolari 90.000. Mwaka 2019 ilianguka karibu 30.000. Mwaka 2022 ilipanda tena kupita 80.000, na kwa mwanzo wa mwaka 2025 ilikuwa chini ya 25.000. Kwa nini? Kwa sababu migodi ilitoa kobalti kupita ile dunia ilitaka. Na tena kwa sababu watengenezaji wengi, zaidi sana katika inchi ya China, wamechukua batri zingine zenye chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata kidogo. Ndiyo maana tarehe 22 Februari 2025 serkali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti inje, ili bei ipande. Nyuma yake, katika mwezi wa 10 wa mwaka ule ule, ilibadilisha katazo lile na kuweka kipimo cha tani zinazoruhusiwa kila mwaka. Bei ilipanda kweli. Lakini kufuli ile ilifungwa na watu walioogopa dunia kuwa na mawe mengi, haikufungwa na shangazi ya mutu.

Ndipo yule mupiga ngoma wetu, aliyekaa nyuma karibu na mulango, akasimama. Nilikuwa sijamuona katika kanisa tangu miezi. Akauliza: «Mwalimu, kama bazungu na bashinwa banapata batri bila kobalti, siye tutabakia na nini?»

Mwalimu hakujibu mbio. Kisha akasema: «Bei ya mwaka kesho sijui, na mutu anayekuambia anaijua, umukimbie. Shaba itatakiwa bado, kwani umeme unapita katika shaba. Hata wahenga wenu waliyeyusha shaba na kufanya misalaba yao ya biashara, mbele mutu wa ulaya hajafika. Lakini shimo si urizi. Shimo likiisha, linabakia shimo. Kazi unayoijua kwa mikono na akili, unaenda nayo kila pahali.»

Nilipenda sana neno lile «sijui». Mutu aliyesoma kuliko sisi wote alilisema mbele ya watoto na heshima yake haikupunguka. Mimi katika mimbari miaka ile yote nilikuwa naliogopa.

Mwezi uliofuata tuliita mama mumoja mujuzi wa sheria. Alisoma pamoja nasi sheria ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Muchimbaji wa mukono awe mukongomani mwenye miaka 18 ao zaidi, awe na karte, awe katika shirika, achimbe katika eneo lililowekwa, na asipite metre 30 kwenda chini. Vijana wakatazamana, kwani walijua mashimo yao yanapita pale. Akaonyesha pia haki: malipo ambayo makampuni yanalipa juu ya mawe, asilimia 15 ni ya eneo lenyewe pale mugodi uko, 25 ni ya jimbo, 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vinavyokuja, na 50 ni ya serkali kuu. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Alisema: «Asiyejua hesabu hii hawezi kuuliza imeenda wapi.» Sasa kuna vijana wetu wanaokwenda kwenye mikutano ya mutaa na daftari mukononi. Wakubwa hawafurahi sana, lakini wanajibu.

Wasomaji watauliza: na mupiga ngoma? Ningependa kuandika kwamba aliacha mashimo na leo ni injeniere. Sivyo. Ana bibi na mutoto, na bado anachimba. Lakini siku moja asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa amesimama na mudogo wake wa miaka 13, aliyekuwa anasafisha mawe mutoni kila siku. Alimuvalisha shati nyeupe. Akaniambia: «Baba pasta, miye nilisha kuchelewa. Huyu bado. Nimelipa mwezi wa kwanza. Mufwate ku shule, bajue kama iko na mutu nyuma yake.» Nikamushika mutoto mukono, tukaenda. Njiani aliniuliza kama ni kweli kwamba hesabu inaweza kuzuia mutu asiibiwe. Nikamujibu: ndiyo, na jibu lile nililijua.

Na kaka yake? Anashuka bado, lakini anakataa motopompe ndani ya shimo, na wenzake wanamucheka. Siku za posho zingine anajifunza kuunganisha chuma kwa fundi aliyekuwa mugeni wetu. Tunamuombea, na safari hii naweza pia kumuonyesha njia.

Wazazi wapenzi, musingojee kanisa kupata nafasi ao mutu mwenye kravati. Mutaa wenu una mwuguzi, dereva wa kamio, mukulima anayejua udongo, mama anayeshika hesabu za duka. Mumuite siku moja, mupike bukari, na muwaachie watoto wamuulize. Mupime maneno yake pia, kwani si kila anayeongea vizuri anasema kweli. Nanyi wachungaji wenzangu, musiogope kukaa kwenye kiti cha nyuma na kusikiliza. Musa alikaa. Kazi ya Mungu haikuharibika, ilitengenezeka.

Bwana awabariki na azilinde nyumba zenu, walio juu ya udongo na walio chini yake.